Harufu ya Rangi Mbichi

12 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu iweke akiba, maana tangu niolewe adabu imenijaa hadi inamwagika. Naomba barua hii ikukute mzima, na panya wako weupe wazima, na lile goti la kushoto limeacha kukupigia kelele kwenye ngazi. Huku wote tunapumua. Mama hajambo, anasema nyumba imekuwa kimya mno tangu niondoke, halafu anaongeza kwamba hajapata kulala vizuri hivi tangu nizaliwe. Mdogo wangu amepata leseni ya udereva baada ya kurudia mtihani mara nne, na sasa familia nzima inawaombea waendao kwa miguu.

Sufuria zako zilifika siku moja kabla ya harusi. Ahsante, Shangazi! Nikipika nakutaja, nikiunguza nakutaja zaidi. Lakini ulikosekana. Kila meza iliniuliza, "Shangazi wa bibi harusi yuko wapi?" Nikawajibu kwamba panya wa maabara hawajui Jumamosi wala harusi, wanajua kula tu. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu.

Sasa niruhusu nikuchoshe kidogo na mume wangu. Shangazi, kumbe furaha inaweza kumchosha mtu mashavu! Fundi wangu (mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyo hata tukiwa wawili) akiingia nyumba ya watu anaugusa ukuta kabla hajamsalimu mwenye nyumba. Anaupapasa hivi, anatikisa kichwa, ndipo anasema hodi. Alianza kupaka rangi akiwa na miaka kumi na mitano na hajawahi kutamani kazi nyingine. Juzi alichukua kipande cha ubao akajaribu kuchanganya rangi ya macho yangu. Alishindwa mara sita. Ubao ule una mistari sita ya kahawia, na chini ameandika kwa penseli, "Bado." Nimeutundika juu ya kitanda. Mteja mmoja wa dukani kwetu, akiwa ameshapimiwa mapazia, aliniuliza mbona natabasamu nikiwa nakata kitambaa. Nilimweleza habari yote ya ubao. Akaondoka bila risiti.

Haya, neno lenyewe sasa. Nililisogeza mwisho kwa sababu ni dogo. Au nataka liwe dogo.

Wakati wa uchumba Fundi alikuwa akipaka kuta kwa rangi ya maji, na kwangu alikuja Jumapili akinuka sabuni. Baada ya harusi amepata jengo la ghorofa nne, milango na madirisha yote, rangi ya mafuta. Siku ya kwanza aliporudi kutoka huko nilimwona mlangoni nikamkimbilia mikono wazi kama kawaida yangu. Zilipobaki hatua mbili, Shangazi, miguu iligoma. Mikono ikawa baridi, masikio yakavuma, kifua kikabana kama nimefungwa kanga mbichi. Nilisimama kama nguzo. Mikono yake ilibaki hewani. Nikadanganya kwamba ni tumbo.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Sasa anaoga uani kwa thina ya kuyeyushia rangi na sabuni ya unga kabla ya kuingia, na ngozi ya mikono yake imeanza kubanduka kama magamba ya samaki. Ananipitia pembeni, kwenye nyumba yetu wenyewe, kama mgeni aliyekanyaga zulia na viatu.

Mimi nampenda jamani! Huu ni mwili gani unaomkimbia mtu ambaye mimi mwenyewe namkimbilia? Wewe unafanya kazi na watu wanaochunguza hofu. Waulize. Nilipokupigia simu ulisema, "Niandikie, simu inanikata maneno." Basi nimekuandikia.

Wako,
Chiriku aliyeolewa


9 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba zote tatu. Goti lipo, linanikumbusha mvua kabla ya redio. Mfikishie wifi yangu salamu, na huyo dereva mwambie breki ni ile ya katikati.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwa koti la kazini hadi kona zake zimechakaa.

Umeuliza kuhusu hofu. Mimi si msomi, unajua. Kazi yangu ni kubadilisha maranda wanayolalia panya, kujaza maji na kuhakikisha kila kizimba kimefungwa. Lakini ukiwafagilia watu miaka kumi na minane husikia wanachosema. Daktari wetu, binti mdogo kuliko unavyodhani, hunieleza huku akila mkate wake pembeni ya ndoo yangu.

Wanafanya hivi. Panya anawekwa kwenye kisanduku, inalia kengele, halafu anapata mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Mara chache tu. Kesho yake kengele ikilia peke yake, panya anaganda. Hakimbii, hapigi kelele. Anaganda, hata sharubu hazichezi. Wahenga waliliona hilo bila hadubini: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kwa binadamu ni kama punje ya lozi. Pale, katika maelfu ya seli, ni chache tu zinazoamka wakati panya anashtuliwa. Hizo zilizoamka pamoja hushikana. Daktari ana namna ya kuzitia rangi. Nilichungulia siku moja nikaziona zinang'aa kijani, moja hapa, tatu kule, kama taa za watu walio macho mtaa mzima ukiwa umelala. Kumbukumbu haikai kwenye seli moja, alisema, inakaa kwenye kundi. Mimi nilielewa hivi: ni majirani waliozima moto pamoja. Hata ipite miaka kumi, mmoja akipiga yowe, wote wanatoka na ndoo. Hawaulizi kama kweli kuna moto.

Na harufu ina njia fupi kuliko zote kufika pale. Haipigi hodi kwenye akili kwanza.

Panya hutulizwaje? Kengele inapigwa tena na tena bila mshtuko. Siku ya kwanza anaganda, ya tatu anaganda kidogo, ya nane anajikuna sikio.

Usihangaike kutafuta chanzo. Panya hahitaji kujua nani alifunga waya. Na mpake mumeo mafuta mazito mikononi, thina itamla.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi, daktari wangu bila koti!

Shikamoo! Huku wote wazima, tena mimi nimezidi uzima. Keti kwanza. Umeketi? Nimepona!

Nilisoma barua yako mara tano, nikasema, kama panya anaweza, binti wa kaka yako atashindwaje? Nilichukua kopo dogo la rangi ya mafuta lililobaki kazini kwa Fundi nikalificha chini ya kitanda. Kila alasiri nikitoka dukani, kabla hajarudi, nafungua dirisha, nafungua mlango, nakaa kitandani na albamu ya harusi, nabandua kifuniko. Siku ya kwanza nilihesabu hadi arobaini nikakimbilia uani. Siku ya pili, mia. Siku ya tano nilikaa nikaangalia picha zote, hata ile ambayo mjomba kafumba macho. Siku ya nane, Shangazi, nilikaa hadi rangi ikaota utando juu kama maziwa, na mimi nikajikuna sikio. Nakuapia, sikio liliwasha kweli!

Jioni hiyo nilimsubiri langoni. Akaanza kukunja kona kwenda uani na dumu lake la thina. Nikamwambia, "Njoo hapa."

"Sijaoga."

"Nimesema njoo."

Nilimkumbatia na ovaroli yake yote. Alisimama kama mtu aliyeambiwa asipumue, halafu akanibana hadi nikasikia mbavu. Nilibaki na rangi ya krimu kwenye pua. Alikataa kuifuta, alisema inanikaa vizuri. Shangazi, kama ningekuwa na mbawa!

Lakini mimi ni mdadisi, unanijua. Nilimuuliza Mama kama niliwahi kupatwa na jambo lolote la rangi. Akasema hakuna, nilikuwa tu mtoto wa kushtuka. Ila alikumbuka kwamba mdogo wangu alipozaliwa, mimi nikiwa na miaka mitatu, niliacha kusema wiki tatu nzima. "Wivu tu," alisema, "mtoto kaletewa mshindani." Mimi kunyamaza wiki tatu! Tulicheka sana.

Wewe ndiye ulikuwa unakaa nami siku zile Mama akiwa hospitali. Unakumbuka chochote?

Kesho nampelekea Fundi chakula kule kazini, sijawahi kufika. Nataka wenzake wamwone mke wake.

Wako mwenye pua ya krimu


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima, dereva mzima.

Nilifika kwenye lile jengo saa saba mchana na chakula kwenye kitambaa. Nilivaa lile gauni la bluu. Fundi mmoja wa plasta akanielekeza, "Mumeo yuko ghorofa ya pili, chumba cha mwisho." Nilipanda nikiimba. Chumba kilikuwa kitupu, milango imepakwa asubuhi ileile, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Fundi alikuwa ametoka kidogo kufuata brashi. Nikaingia nimsubiri. Upepo wa koridoni ukausukuma mlango ukajifunga nyuma yangu.

Sijui kilichofuata kwa mpangilio. Najua nilijikunja chini. Najua nilikuwa siwezi kutoa sauti, Shangazi, mdomo wazi na hakuna kitu. Fundi alifungua mlango akainama kunishika, na mimi nikampiga. Nilimpiga usoni, nikashuka ngazi mbio, kiatu kimoja kimebaki juu. Nyuma yangu nilimsikia fundi plasta: "Ee bwana, chakula kimekuja mbio, kimeondoka mbio zaidi!" Na watu wakacheka.

Nyumbani alikaa kwenye kiti, ameshaoga, mikono imewekwa magotini.

"Niambie ukweli," alisema. "Unanionea kinyaa?"

"Sikuonei kinyaa. Wallahi."

"Basi mwili wako unanionea. Ni hivyohivyo."

Ameambiwa kuna nafasi kwenye ghala la saruji, kusimamia mifuko inayoingia na kutoka. Anatakiwa kujibu kabla jengo halijaisha mwezi wa tano. Anasema ataikubali. Anasema saruji hainuki. Shangazi, mtu anayegusa ukuta kabla ya kusalimu! Akiiacha rangi kwa ajili yangu ataniangalia vipi miaka ishirini ijayo? Na asipoiacha, nitamwangalia vipi mimi nikiwa ukutani nimeganda?

Kwenye barua yako umenieleza kila kitu kuhusu panya. Swali langu kuhusu mimi halijajibiwa. Nimehesabu siku, barua yangu ilishakufikia.

Chiriku


30 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Barua hii nimeianza mara nyingi na nimeimaliza mara moja, hii.

Nilikuandikia nusu. Nusu niliyoiacha ni hii. Yule panya anayejikuna sikio siku ya nane hajasahau. Majirani wale wa kwanza bado wapo kwenye nyumba zao. Kilichotokea ni kwamba kundi jingine la seli limejifunza kuwaambia, "Tulieni, hakuna moto." Lakini kundi hili la pili ni geni, linajua chumba kilekile lilimofundishwa. Mhamishe panya kisanduku kingine, piga kengele, anaganda kama siku ya kwanza. Ndiyo maana ulipona chumbani kwako, dirisha wazi, mlango wazi, ukaanguka kwenye jengo. Nililijua hilo. Sikukuandikia kwa sababu ungeuliza, "Kwa nini mlango?" na mimi jibu ninalo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mama yako alipelekwa kujifungua, baba yako akamfuata hospitali, ukabaki nami kwenye nyumba yao mpya. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta asubuhi hiyo, madirisha yamefungwa vumbi lisinate. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anasafiri, alitaka kuniaga pale kona. Nilisema dakika kumi. Niliogopa usije ukatoka barabarani, nikakuingiza chumba cha nyuma kwa sababu hakikuwa na kitu cha kukuumiza, nikatia komeo kwa nje. Niliogopa usiumie. Nakuomba usome sentensi hiyo kama ilivyo. Siiandiki kujitetea, ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi alasiri.

Ulikuwa umejikunja nyuma ya mlango. Hukulia uliponiona, sauti ilikuwa imekwisha. Viganja vyako vilikuwa na rangi. Na kwenye mlango, chini ya usawa wa kitasa, kulikuwa na alama za mikono midogo, nyingi, moja juu ya nyingine.

Nilikuosha kwa mafuta ya taa na sabuni. Kisha nikachukua brashi ya fundi nikaupaka ule mlango upya, nikafunika kila alama, kabla kaka hajarudi. Ulipoacha kusema nilikuwa wa kwanza kutamka neno "wivu". Mama yako amelibeba neno hilo miaka ishirini na moja akidhani ni lake.

Huyo kijana hata sura yake sasa naitafuta siipati.

Nilipoambiwa bwana harusi ni fundi rangi, niliwanunulia sufuria nikabaki nyumbani. Panya wangeweza kulishwa na mtu yeyote.

Kuna jambo Daktari aliniambia mwaka juzi. Panya wanaoshtuliwa wakiwa wachanga sana, wakikua huonekana wamesahau kabisa. Wanaingia kisanduku kile wanatembea wanavyotaka. Lakini akizigusa seli zilezile kwa mwanga mdogo, wanaganda. Kumbukumbu ilikuwepo, haikuwa na mlango wa kutokea tu. Aliniambia kwa furaha, ni ugunduzi. Mimi niliweka ndoo chini nikaenda kukaa chooni hadi mchana. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo si mumeo, na si rangi yenyewe. Ni rangi mbichi, na mlango uliofungwa, na mtu aliyesema anarudi. Mwambie. Mwonyeshe barua hii, nimeiandika na yeye aisome.

Kujua si dawa, Daktari ananisisitizia hilo. Anasema watu si panya na kuna wataalamu hospitalini wa mambo haya, umtafute mmoja. Ila anasema kanuni ni ileile: lile kundi la pili lifundishwe vyumba vingi, siyo kimoja, na polepole, na anayejifunza asiwe peke yake.

Mimi hapa kazini nakagua makomeo ya vizimba mara tatu kabla ya kutoka. Wananitania. Sijawahi kuwaambia.

Siombi chochote.

Shangazi yako


27 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Sijapata barua. Sikulaumu.

Niambie tu kama alikwenda kwenye saruji.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mama amenunua viatu vipya na vinambana, hataki kukubali.

Barua yako niliisoma dukani, nimekaa kati ya majora ya mapazia. Mteja aliniita mara tatu. Kisha siku tatu sikusema na mtu. Nimekuandikia barua nne kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo sikujua ninayo, niliichana. Ya pili ilikuwa ya upole mno, nikaichana kwa sababu ilikuwa ya uongo. Nimekasirika, Shangazi. Bado. Si kwa ajili ya kile chumba, ulikuwa na miaka ishirini, mimi mwenyewe nikiwa na ishirini nilifanya mambo. Ni kwa ajili ya brashi. Nafumba macho naiona ikipita juu ya mikono yangu. Na ni kwa ajili ya Februari, uliponiambia nisitafute chanzo nawe umekishika mkononi.

Fundi aliisoma mara mbili. Nilidhani atasema jambo kubwa. Aliuliza tu, "Komeo lilikuwa la nje?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuchukua bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa chumba chetu, akautoa wote akauegemeza uani. Mwenye nyumba alipopita akauliza mlango uko wapi. Fundi akamjibu, "Umepumzika."

Hakwenda kwenye saruji. Lakini isingekuwa kweli nikikuambia mambo yalinyooka. Hospitalini nimeonana mara mbili na mama mmoja mpole mwenye miwani, naye amesema kama Daktari wako: vyumba vingi, polepole. Basi kila Jumamosi mchana mafundi wengine wakishaondoka, tunapanda kwenye jengo. Tulianza na sebule ya chini, mlango umetolewa kabisa. Halafu jiko, mlango wazi. Halafu stoo isiyo na dirisha, mlango nusu. Hapo nilitapika, na Fundi akasafisha akisema hata yeye alitapika alipopanda ngazi ndefu mara ya kwanza, mbele ya bosi wake. Jumamosi moja nilikataa hata kushuka kitandani. Hakunibembeleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanisomea majina ya rangi kwenye kadi ya kiwandani, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, hadi nikacheka bila kupenda.

Jumamosi moja yule fundi plasta alichelewa kumaliza, akatuona tukipanda. Akaanza, "Haya, mwanariadha ameku..." Fundi alimgeukia akamwambia, "Mzee, wewe unaogopa mjusi. Nani amewahi kukucheka?" Yule bwana akakohoa akaendelea na plasta yake. Jumatatu yake alinirudishia kiatu kupitia kwa Fundi, alikuwa amekiweka juu ya dirisha asije mtu akakikanyaga na rangi.

Juzi Jumamosi tulifika ghorofa ya tatu. Chumba kidogo, mlango ameupaka mwenyewe asubuhi, rangi haijashika. Niliingia. Nikamwambia aufunge.

"Una hakika?"

"Sina. Funga."

"Nisimame wapi?"

"Hapohapo. Usisogee."

Ukafungwa, Shangazi. Ile harufu ilinijia yote kwa pamoja. Mikono baridi, masikio yakavuma, kila kitu kilikuja kama kinavyokuja, na safari hii nilijua kinatoka wapi, na bado kilikuja; ulisema kweli, kujua si dawa. Nilitetemeka hadi meno. Lakini sauti nilikuwa nayo. Niliita, "Upo?" Akajibu, "Nipo." Nikakaa. Nikaita tena. "Nipo." Sijui ni dakika ngapi, sikuhesabu. Nilipotaka kutoka nilikishika kitasa mimi mwenyewe nikaufungua. Alikuwa amesimama palepale, pua yake karibu iguse mlango, machozi yanamtoka, ananicheka mimi nilivyokuwa na rangi kiwiko kizima. Hakuwa amesogea hata hatua moja.

Nilimkumbatia mwanamume yule, Shangazi, na rangi yote, na ngazi yake ya kazi iliyoegemea ukuta ikaanguka, na hatukuiokota.

Mama hajui kitu. Sitamwambia, hilo ni lako, na ningependa umwambie kabla hajazeeka nalo.

Jengo linakabidhiwa mwisho wa mwezi. Kimebaki chumba kimoja ghorofa ya nne, kile cha nyuma, na Fundi ameniahidi hatakigusa hadi nimwambie. Ataupaka mlango asubuhi ya Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Goti lako litalalamika kwenye ngazi, liache lilalamike, tutapanda polepole. Mimi nitaingia ndani. Siku hiyo nataka anayesimama nje awe wewe.

Chiriku